Kuchagua kinga ya boneti kwa pikapu inayolala Malindi: mwongozo kamili

Nilipoishusha kinga ya boneti kwenye Hilux yangu baada ya miaka miwili, nilitumia mshipi wa kuvulia. Niliupitisha nyuma ya plastiki, nikashika ncha zote mbili, nikawa nauvuta huku na huku kama mtu anayekata sabuni ya mche, mpaka gundi ikaachia. Nilichokikuta sijakisahau. Mchanga mweusi mbichi, mbawa za kumbikumbi zilizogandana kama makapi ya mpunga, ukungu mweupe wa chumvi pembeni, na chini ya vyote hivyo rangi imefanya malengelenge. Nilibonyeza moja kwa ukucha, likapasuka. Ndani mlikuwa na kutu.

Kinga niliyoinunua ili boneti isiharibike ndiyo iliyoiharibu. Aliyeniuzia aliniambia kweli kwamba itazuia wadudu na mawe. Hakuniambia kwamba ile aina ya kubandika bapa kwenye boneti, bila nafasi nyuma yake, haifai kwa gari linalolala kilomita moja kutoka baharini. Ndiyo maana katika mwongozo huu kuna swali moja nitakalolirudia kila hatua: nyuma yake nitapaosha vipi? Kinga isiyo na jibu la swali hilo iache dukani, hata kama inang'aa.

Kwanza, kinga hii inafanya nini hasa

Ni kipande kirefu cha plastiki ngumu kilichopindwa kufuata ukingo wa mbele wa boneti, kikasimama kidogo kuelekea juu. Mafundi wengi wanaiita boneti gadi. Gari likiwa kasi, upepo unaogonga uso wa gari hupanda na kulala juu ya boneti hadi kwenye kioo. Kinga huusukuma upepo huo ukapanda juu zaidi. Mdudu mwepesi, kama mbu au usubi, huchukuliwa na upepo na kupita juu ya kioo. Dundu mzito au nzige haendi na upepo. Yeye huja moja kwa moja, na kama si kinga atagonga rangi au kioo.

Kwa hiyo usinunue ukitarajia kioo kisicho na doa. Kioo kitachafuka, ila kwa kiasi kidogo, na hiyo ni kwa mwendo wa barabara kuu tu. Ukizunguka mjini kutoka Maweni hadi sokoni, upepo wa kusukuma mdudu haupo. Faida ya uhakika ni ile ya ukingo wa boneti: pale ndipo mawe ya malori hugonga, na pale ndipo wadudu hupasukia. Maji ya mdudu yana asidi kidogo. Yakipikwa na jua la saa saba kwa siku mbili tatu, hula ule ung'avu wa juu wa rangi na kuacha alama isiyotoka kwa sabuni. Jiwe nalo huondoa rangi yote hadi kwenye bati. Nairobi kidonda hicho kinaweza kukaa miezi bila kubadilika sana. Hapa kwetu kusi likivuma, pitisha kidole kwenye kioo cha gari lililolala karibu na ufuo kisha ukilambe, utaonja chumvi. Bati lililo wazi kwenye hewa hiyo halichukui muda kushika kutu.

Hatua ya kwanza: itazame njia yako kabla ya kutazama bidhaa

Watu wengi huanza na rangi ya kinga. Anza na barabara.

Kama kazi yako ni Malindi hadi Mombasa, kama mimi ninayepeleka maembe Kongowea, una kilomita 120 hivi za lami. Adui wako mkubwa ni jiwe linalorushwa na lori la mbele, na wadudu wa alfajiri kwa sababu tunaondoka saa tisa usiku na taa zinawaita. Kuna na kipande cha Gede, pale barabara inapoandamana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Baada ya mvua, mchana, vipepeo hukatiza barabara kwa makundi. Nakuomba upunguze mwendo hapo. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umewapa wenyeji wanaopakana na msitu njia ya kujipatia riziki kwa kufuga viwavi na kuuza pupa wao, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kutoka kipepeo, na mimi nikiona mbawa za manjano zimebanwa kwenye shoo ya gari, ule uso wenye matundu mbele ya rejeta, huona ni hasara ya mtu ninayemfahamu. Kwa njia hii kinga ya kimo cha wastani inatosha.

Ukivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, Gongoni hadi Garsen, mambo yanabadilika. Pale kwenye mashamba ya chumvi, vumbi lenyewe lina chumvi. Ukifika upande wa delta ya Tana wakati wa magharibi, kwenye maji na mpunga, wadudu wadogo huja kama mvua ya rasharasha. Na wanaoendelea Minjila, Witu hadi Mokowe wana jambo lao: gari linaachwa Mokowe, wewe unapanda boti kwenda Lamu, na pikapu inakaa siku mbili au wiki kando ya maji, haioshwi, wadudu wa safari nzima wamekaukia mbele. Kwa watu hawa kinga ni ya lazima, tena iwe pana, yenye kukunja hadi kwenye fenda, na iwe na nafasi kubwa nyuma.

Njia ya Langobaya kuelekea lango la Sala la Tsavo Mashariki ni habari ya changarawe na vumbi jekundu, hasa ukiacha lami. Vumbi husugua plastiki kama msasa. Kinga angavu itakuwa na ukungu mapema. Chukua ya rangi ya moshi au nyeusi.

Na kama gari lako halitoki mjini? Usinunue. Pesa hiyo nunua filamu angavu ya kulinda rangi, ubandike kwenye ukingo wa boneti, na chupa ndogo ya rangi ya gari lako ya kuziba vidonda vya mawe siku vinapotokea.

Hatua ya pili: jua plastiki unayouziwa

Ziko tatu utakazokutana nazo.

Akriliki ni ngumu, ina mng'ao wa kioo na inavumilia jua vizuri sana. Udhaifu wake ni pigo: jiwe zito likiipata huweza kupasuka, na mara nyingi ufa huanzia kwenye tundu la skrubu. Polikaboneti ni kinyume chake. Inapinda bila kupasuka, inalipokea jiwe na kulirudisha, ila inachunika upesi, na kama haikupakwa kinga ya jua hugeuka manjano. Ya tatu ni ABS, nyeusi isiyopitisha mwanga, ya bei nafuu. Ngumu kiasi, lakini ikiwa haina tabaka la kuzuia jua huparara na kuwa ya kijivu.

Chaguo langu kwa Malindi ni akriliki ya moshi kwa mtu wa lami, na polikaboneti yenye kinga ya jua kwa mtu wa changarawe. Unene usipungue milimita 3. Nyembamba kuliko hapo hutetemeka kwenye mwendo, na kinga inayotetemeka hugonga rangi mara elfu kwa safari moja.

Ziko pia za chuma zinazong'aa. Zinapendeza kwa macho, lakini jua la asubuhi ukielekea mashariki hukurudishia mwanga usoni. Sizipendekezi.

Hatua ya tatu: inashikwaje?

Hapa ndipo pesa yako inapookoka au inapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Namna ya kwanza ni gundi ya pande mbili. Gundi nzuri ina nguvu ya kweli, wala si ya kudharau. Tatizo si kuachia. Ni kwamba kinga nyingi za gundi hulala bapa juu ya boneti, ama utepe wa gundi unapita mfululizo kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukawa kama ukuta wa bwawa. Maji yakiingia juu hayana pa kutokea. Mchanga hukaa pale, kila mtikisiko unasugua rangi, na chumvi inakunywa umande kila usiku. Hiyo ndiyo iliyonipata. Ukipenda ya gundi, hakikisha ni vipande vifupi vilivyoachana, na plastiki imeinuka juu ya boneti.

Namna ya pili ni vibano na skrubu zinazoshika kwenye mdomo wa boneti, upande wa ndani, zikitumia matundu yaliyopo kiwandani. Kinga husimama juu ya vipira vidogo, ikaacha nafasi ya upana wa kidole. Maji ya mpira wa bomba yanapita, upepo unapita, na ukitaka kuishusha unahitaji bisibisi na dakika ishirini. Hii ndiyo ninayotumia sasa.

Namna ya tatu ni ya kutoboa boneti. Fundi atakwambia, "Mzee, nitatoboa tu viwili vidogo, havionekani." Mkatalie kwa adabu. Tundu lililotobolewa limekata rangi na kinga yote ya kiwandani, na ukingo wake ni bati tupu. Kama hakuna njia nyingine kabisa, kila tundu lipakwe praima, ile rangi ya kwanza ya chini, kisha rangi, likauke vizuri, ndipo skrubu iingie. Lakini mimi ningetafuta kinga nyingine.

Skrubu zenyewe ziangalie kama unavyoangalia kinga. Nyingi zinazokuja kwenye paketi ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Zitalia machozi ya kutu juu ya rangi yako kabla msimu haujaisha. Nenda na sumaku ndogo. Skrubu ya sitenlesi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) ya kawaida haishiki sumaku, au inashika kwa mbali sana. Ile inayorukia sumaku kwa nguvu, ibadilishe. Duka la vifaa vya boti huwa na sitenlesi ya namba 316, ambayo inavumilia chumvi kuliko ile ya kawaida ya 304. Tia na washa, kile kipete bapa, ya plastiki chini ya kila kichwa cha skrubu, ili chuma kisisugue rangi.

Hatua ya nne: umbo na kipimo

Neno "ya Hilux" halitoshi. Hilux ya toleo la Vigo ya kabla ya 2011 na ya baada yake zina nyuso tofauti, na toleo la Revo, lililotoka 2015, ni boneti nyingine kabisa. Hali ni hiyohiyo kwa pikapu ya Isuzu D-Max: umbo jipya lililotoka 2019 halivai kinga ya lile la kabla yake. Pikapu nyingi za pwani zimegongwa na kubadilishiwa uso, unakuta kadi ya gari inasema mwaka mmoja na boneti ni ya mwaka mwingine. Usiamini kadi.

Kata boksi la katoni. Lilaze kwenye ukingo wa boneti, chora mkunjo wake kutoka taa hadi taa, kata kwa kisu, kisha nenda nalo dukani. Ukiagiza kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kule Nairobi ije kwa basi, piga picha ya katoni ikiwa na futi juu yake uitume kwa simu, pamoja na picha ya mdomo wa ndani wa boneti kuonyesha matundu yaliko. Kazi hii ya robo saa inakuokoa kurudisha mzigo.

Kimo nacho kipime ukiwa umekaa. Mwambie utingo ashike katoni pale kinga itakaposimama, wewe kaa kwenye kiti chako cha kawaida. Ukingo wa juu ukikata barabara unayoiona mbele ya gari, ni ndefu mno. Mtu mfupi ajipimie mwenyewe, asinunue kwa macho ya mrefu.

Mambo mengine ni ya haraka: isifunike taa hata kidogo, isizibe matundu ya shoo yanayopeleka upepo kwenye rejeta, na kama gari ni jipya lenye kamera au vifaa vya kuhisi mbele, soma kitabu chake uone viko wapi.

Hatua ya tano: ukiwa dukani

Itoe kwenye paketi. Muuzaji akikataa, ondoka. Ishike ncha mbili uipinde kidogo. Polikaboneti itakubali na kurudi, akriliki itakuwa kavu mkononi, na ukiilazimisha utailipia, kwa hiyo kidogo tu. Pitisha kidole kwenye ukingo wote. Ukingo uliokwaruza au wenye vijino ni mwanzo wa ufa. Tazama matundu ya skrubu kwenye mwanga: mistari midogo kama nywele kuzunguka tundu maana yake ilitobolewa kwa pupa.

Mimi huuliza hivi: "Ami, hii ni akriliki au polikaboneti? Na vibano vyake viko wapi?" Mwenye kuijua bidhaa yake atajibu palepale. Mwenye kusema "ni orijino" bila kutaja plastiki, mshukuru, uendelee na duka la pili.

Halafu iweke juu ya meza na uitazame ubavuni. Uliza lile swali letu. Brashi ya kuoshea chupa ya mtoto inaweza kupita kati yake na boneti? Ikiwa haipiti, basi.

Hatua ya sita: kuifunga

Fanya asubuhi mapema kivulini, boneti ikiwa imepoa. Osha ukingo wote kwa sabuni, kausha. Kisha futa kwa kitambaa safi chenye spiriti ya hospitali iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Spiriti hiyo ni ya rangi ya gari, isiguse akriliki: huifanya ipasuke vinyufa vidogo visivyotibika.

Kama kuna vidonda vya zamani, vitibu leo. Ukifunika kutu kwa kinga, umeipa kivuli na maji.

Bandika vipande vya filamu angavu mahali kila kipira kitakapokanyaga. Weka kinga, ingiza skrubu zote kwa mkono kwanza bila kukaza, rudi nyuma hatua tatu utazame kama imekaa sawa na taa zote mbili. Ndipo ukaze kwa bisibisi ya mkono, kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Mashine ya umeme hapana. Akriliki hukazwa mpaka ishike, si mpaka ilie.

Sasa fungua boneti polepole huku mwenzako anatazama upande. Kinga nyingine hugonga shoo au ukingo wa bampa boneti inapoinuka, na ukiifungua kwa nguvu mara ya kwanza utaivunja siku hiyohiyo. Ikigusa, ongeza kipira au isogeze.

Kwa waliochagua gundi: bonyeza kila kipande kwa sekunde kadhaa kwa uzito wa kiganja, kisha uipe muda. Gundi nzuri ya aina hii hufika karibu nusu ya nguvu yake kwa dakika ishirini na karibu yote kwa saa 24, lakini hukamilika baada ya saa 72. Usiioshe gari wala usiende Garsen kabla ya siku tatu.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, kaza tena. Ukisikia mluzi au mvumo ukivuka kilomita 80 kwa saa, skrubu moja imelegea au kipira kimehama. Usiongeze sauti ya redio, simama uiangalie.

Hatua ya saba: kuiosha

Wadudu waondoe siku hiyohiyo au kesho yake. Usikwangue. Loweka taulo, lilaze juu ya kinga na ukingo wa boneti kwa dakika kumi, kisha futa. Watatoka kama uji. Petroli, thina, na dawa ya vioo yenye amonia visiguse plastiki hii.

Maji nayo ni jambo. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na kuosha nyuma ya kinga kwa maji hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Tumia maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho, au ya mvua uliyokinga. Ndoo moja inatosha. Mimina kutoka juu, pitisha brashi ya chupa nyuma ya kinga kutoka kulia kwenda kushoto, mimina tena mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe. Mashine ya kuoshea ya presha isisogezwe karibu na vipira.

Kila baada ya miezi mitatu, ishushe kabisa. Ndiyo, kila mitatu, na kabla ya masika hata kama muda haujafika. Tazama kila mahali palipoguswa na kipira. Filamu ikiwa imechakaa, ibadilishe. Paka nta ya gari kwenye ukingo wote, kisha rudisha.

Rejeta usiisahau

Kinga ya boneti haisaidii rejeta chochote, kwa sababu wadudu wanaoingia kwenye shoo hawapiti juu. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua ya kwanza jioni, mapezi ya rejeta huweza kuzibwa kwa safari moja, na mshale wa joto ukapanda ukiwa katikati ya Marereni na mzigo nyuma. Funga wavu wa matundu ya wastani nyuma ya shoo, kwa vifungo vya plastiki, msimu wa mvua. Wavu wa chandarua ni mdogo mno wa matundu na hubana upepo. Msimu ukiisha, uondoe. Na ukisafisha rejeta, maji yaelekezwe kutoka upande wa injini kuja mbele, taratibu, ili wadudu watoke walikoingilia na mapezi yasilale.

Boneti yangu ilipakwa upya, na ile sehemu ya kutu fundi wa bodi aliikwangua hadi chuma cheupe kabla ya praima. Kinga niliyonayo sasa ni akriliki ya moshi ya vibano, ina mikwaruzo miwili ya mawe ambayo ingekuwa kwenye rangi. Ijumaa kabla ya swala, gari likiwa kivulini, ndipo brashi ya chupa inapopita nyuma yake.